Wazazi wa Chumba Namba Kumi na Nne

Wilkister alipewa kitanda cha chini, karibu na mlango, na hapo ndipo masaibu yake yalipoanza. Kila aliyeingia Chumba Namba Kumi na Nne alikiona kitanda hicho kuwa kiti. Kwa wiki tatu katika bweni la chuo mjini Ruiru, alikuwa amekung'uta makombo ya mandazi, maganda ya njugu na, siku moja, nywele za wasichana waliosukana juu ya mashuka yaliyopigwa pasi na mamake. Nyumbani kwao Makongeni, Thika, hata babake hakuvuka kizingiti cha chumba chake bila kubisha hodi.

Wageni hao walikuwa wa Cindy, aliyelala kitanda cha juu, msichana mcheshi mwenye marafiki wengi kama siafu. Mara nyingi Wilkister alitaka kumkanya, lakini ulimi ulimwia mzito kama jiwe la kusagia. Basi akafanya alilozoea kufanya tangu chekechea: akampigia mamake simu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema mamake, msimamizi wa zamu kiwandani, aliyeongoza wanawake themanini kwa filimbi. "Hilo niachie mimi."

Laiti asingemwachia! Kabla ya jua kutua, Mama alikuwa amesaka nambari za wazazi wa wasichana wenzake wawili na kuunda kikundi cha WhatsApp, 'Wazazi wa Chumba 14'. Alijiteua mwenyekiti. Mzee Githae, babake Wamboi, msichana wa tatu chumbani, akawa katibu, na kila kikao alikifungua kwa maombi marefu kama reli. Babake Cindy, mwenye kibanda cha nyama choma pale Kamakis, hakupewa cheo chochote, na jambo hilo lilimkereketa.

Sheria zikamiminika kama mvua ya masika. Wageni wasizidi wawili. Taa izimwe saa nne. Kila binti atume picha ya kitanda kilichotandikwa kabla ya saa moja asubuhi.

"Kwani mamako ni mbunge?" Wamboi aliuliza, akipiga picha shuka lililokunjamana. "Nimefika chuo kikuu na bado naripoti kitanda kwa baba! Aki Wilki, umetumaliza."

Cindy alijibu kwa vitendo. Siku hiyo alileta wageni saba, watano wakaketi juu ya kitanda cha Wilkister.

Kufikia Jumatano wazazi walikuwa wamesahau kitanda. Babake Cindy alidai kujua uchaguzi wa mwenyekiti ulifanyika lini. Akajiondoa kikundini kwa hasira, akarudishwa, akajiondoa tena. Makombo nayo yalizidi.

Alhamisi alasiri simu ya Wilkister ililia.

"Nimechoka na hao watu!" Mama akafoka. "Kesho baba yako anakuja na pikapu ya jirani Wainaina. Godoro, ndoo, sanduku, kila kitu. Utasoma ukitoka hapa nyumbani."

Wilkister aliharakisha kurudi chumbani. Kujipangia saa zake, kukosea na kujirekebisha mwenyewe, kuwa mtu mzima miongoni mwa watu wazima: yote hayo aliyatamani tangu kidato cha pili. Sasa yaangamie kwa sababu ya maganda ya njugu?

Akausukuma mlango. Wageni wanne walikuwa wakila viazi karai kitandani mwake, mmoja ameukalia mto. Mto!

"Ondokeni," akasema. "Cindy, sitaki mtu akalie kitanda changu. Sijapenda tangu siku ya kwanza. Niliogopa kukuambia."

Cindy aliruka chini kutoka juu. "Wiki tatu! Wiki tatu unawaambia wageni wangu 'karibuni', unatabasamu, kisha nasomewa makosa na baba mbele ya wateja wake?"

"Nilikosea. Nisamehe."

"Na hiyo kengele yako ya saa kumi alfajiri, inayolia mara sita na wewe unakoroma? Nimewahi kukuambia?"

"La."

"Basi leo nakuambia."

Wamboi aliangua kicheko. Cindy akatandaza leso sakafuni. "Nyinyi, chini. Na wewe wa mto, utaufua."

Wilkister akatoka nje na kupiga simu.

"Mama, baba asije. Mambo yameisha."

"Yameisha? Nani amekutetea?"

"Nimejitetea. Na kile kikundi, tafadhali kifunge."

"Lakini Mzee Githae ameshaandaa maombi ya kesho," Mama akasema kwa unyonge.

"Aombe tu, Mama. Bila ajenda."

Mwenyekiti, katibu na sheria zao walishindwa kumwinua hata mgeni mmoja. Aliyekuwa mle chumbani aliwainua wanne kwa maneno machache. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.