Karai la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wakati kila mnyama alikuwa na jiko lake na ufunguo wa mlango wake, Bi Pimbi aliishi katika nyumba ya mawe mlimani. Namsema pimbi wa majabalini, watoto. Msimchanganye na perere, yule apigaye kelele mitini.

Asubuhi moja alikuwa akikata viazi vitamu na magimbi vipande vyembamba kama karatasi, akiviloweka katika maji baridi, mara mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi!"

"Karibuni!"

Wakaingia wawili: Chui, na Fisi aitwaye Kingugwa, yaani yule wa madoadoa, si yule wa milia. Moyo wa Bi Pimbi ukapiga du-du-du, kwa sababu wageni wale walikuwa wakimtazama mapaja.

"Karibuni chai, shemeji zangu."

"Hatunywi!" akasema Kingugwa. "Ada unaijua. Mtu akila chumvi ya nyumba, hawezi kumng'ata mwenye nyumba. Akimng'ata, meno humtoka yote. Babu yake Chui alikufa akilamba uji."

"Usimtaje babu yangu," Chui akanung'unika.

"Kwa hiyo leo hatugusi chakula chako. Tumekuja kukula wewe."

Bi Pimbi akalitazama karai lake. Kisha akasema, "Sawasawa. Lakini karai limeshapata moto. Niacheni nimalize kukaanga, nyumba isije ikaungua na mimi ndani, mkaja kula mkaa."

"Unakaanga nini? Nyama?"

"Nyama sina. Mayai sina, siagi sina. Nina viazi vitamu, magimbi na bamia, basi."

Kingugwa akacheka mpaka akakaa chini. "Mboga! Kwetu kila kisicho nyama ni mboga tu. Mboga nazo chakula? Mboga ni majani yaliyokosa mbuzi!"

Bi Pimbi akainua kichwa. "Kwa hiyo mboga si chakula?"

"Si chakula!" wakajibu wote wawili.

"Hata kidogo?"

"Hata chembe! Maliza upesi."

Basi Bi Pimbi akavitoa vile vipande katika maji baridi, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, maana kipande chenye maji hulegea kama kamasi. Akavitia vichache vichache, pamoja na bamia, katika mafuta ya nazi. Chaaaa! Kingo zilipogeuka rangi ya dhahabu akaviopoa, akavitandaza katika ungo vipoe, akanyunyiza chumvi, pilipili na jira iliyosagwa. Kisha akachukua kimoja, akatia mdomoni.

KWARU!

Masikio ya Kingugwa yakasimama. "Mfupa! Mwanamke huyu anatafuna mfupa!"

"Gimbi tu, shemeji." Kwaru! Kwaru!

"Mwongo! Sauti ya mfupa naijua hata nikiwa usingizini. Lete nihakikishe."

"Kingugwa, chumvi hiyo!" Chui akamwonya.

"Iliyokatazwa ni chumvi ya chakula. Hiki si chakula. Nachunguza tu."

Kwaru! Kingugwa akatafuna. Macho yakamlegea. "Niongezee," akasema, "nichunguze zaidi."

"Vipi, mwenzangu?" akauliza Chui.

"Bado sijui. Hebu chunguza na wewe. Anza na bamia."

Kau! Kwaru! Kau! Bi Pimbi akakaanga makarai matatu, nao wakachunguza makarai matatu. Makombo yalipobaki, Chui aliuchunguza ungo kwa ulimi. Mwishowe Kingugwa akaegemea ukuta, akacheua, beeuu!

"Ahsante, Bi Pimbi. Nimeshiba."

Chui akageuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimesema nime..." Kingugwa akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mtu hashibi kwa kitu kisicho chakula, shemeji," akasema Bi Pimbi.

"Mboga si chakula!" Chui akanguruma.

"Huenda ni kweli." Bi Pimbi akaunyosha mkono wake mbele yao. "Basi ning'ateni. Kama mboga si chakula, meno yenu yatabaki. Nani aanze?"

"Anza wewe, Chui. Wewe ni mkubwa."

"Nianze mimi? Wewe ndiye uliyeshiba!"

"Wewe ndiye uliyelamba ungo!"

Kingugwa akaligusa gego lake kwa ulimi. Kitu kikasogea. "Mama yangu! Linacheza!"

"Na langu!" akalia Chui. "Na hili jingine!"

Puruuu! Wakatoka mbio, kila mmoja ameshika taya zake, wakashuka mlima pasipo kuaga.

Bi Pimbi akaketi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuna jino lililokuwa likicheza. Zilikuwa mbegu za bamia zilizonasa katikati ya meno yao.

Basi, watoto, msikidharau chakula cha mwenzenu, maana mdomo unaodharau ndio utakaowaaibisha.