Wahunzi Watatu na Kisu Kimoja

Sogeeni, nafasi ipo. Leo sina sungura wala jini. Nina watu watatu na kisu kimoja. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii nimeitamba arusini na matangani, na kila mara watu huondoka wakibishana njia nzima.

Kijiji cha Mkomole kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Senkoro alishona ngozi. Kiriba chake hakikuvuja hata tone. Bi Kiondo alikuwa mfinyanzi, na moto aliusoma rangi yake kama wewe unavyosoma barua. Mwalimu Mbonea alijaliwa sikio. Akigonga chungu, anakwambia kina ufa wapi, na kwa sababu hiyo Bi Kiondo hakupenda kumwona karibu na vyungu vyake siku ya gulio.

Mwaka huo mhunzi wa kijiji alihamia mjini kwa watoto wake, akaondoka na zana zake zote. Watu wakasema si neno, visu tunavyo. Visu vikaliwa na kutu, vikakatika. Mtama ukaiva, mto ukafurika, gulio halifikiki, na habari zikaja kwamba kwelea, wale ndege wasioacha punje, wako bonde la pili.

Nakiete, mjane mwenye watoto watano, alikuwa na shamba zima halijaguswa na kisu kilichobaki mpini. Visu vichache vilivyosalia vilikuwa kazini kwa wenyewe. Akawaendea wale watatu.

"Jamani, ndege wakinitangulia, wanangu watakula nini mpaka mwakani?"

Senkoro alikwenda zizini akachinja mbuzi wawili aliowaweka kwa arusi ya bintiye. Akawachuna bila kupasua matumbo, akazipaka ngozi mafuta, akashona mvukuto wa kupulizia moto wa kufulia kisu, wenye mifuko miwili: huu ukishuka, ule unavuta pumzi. Makaa yakawaka mpaka uso ukaungua kwa mbali.

Sasa chuma kigongwe juu ya nini? Jiwe la kwanza lilipasuka kwa pigo la tatu. Mwalimu Mbonea akazunguka kijiji kizima akigonga kila jiwe na kila chuma, na kila kimoja kilimjibu kwa sauti ya ufa. Mwishowe akainua macho akaitazama kengele ya shule, kipande cha reli kilichoning'inia mtini. Akashusha pumzi, akaitungua, akaikaza juu ya gogo. Fuawe ikapatikana. Wiki ile watoto walichelewa masomo wote, na nadhani ni wao peke yao waliowashukuru kwelea.

Nyundo waliazima kwa mwashi. Lakini chuma kinachowaka utakishika na nini? Kwa koleo. Na koleo hufuliwa kwa koleo.

"Basi tumekwama," akasema Senkoro.

"Umekwama wewe," akasema Bi Kiondo. Akakata fito mbichi, akazikunja katikati, akazilowesha mtungini. Akakibana chuma kwa ufito, Mwalimu akapiga, ufito ukashika moto, akautupa, akachukua mwingine. Fito arubaini ziliungua, na viganja vyake vikatoka malengelenge, lakini jioni koleo la chuma lilikuwa mkononi.

Kesho yake wakafua kisu kwa springi ya gari bovu, Senkoro mvukutoni, Mwalimu na nyundo, Bi Kiondo na koleo. Nakiete akakimbia nacho shambani. Visu vingine vikafuata, majirani wakaja kumsaidia. Kwelea walipotua, walikuta mabua.

Sasa, kwa desturi ya Mkomole, kisu cha kwanza cha uhunzi mpya hakiuzwi. Hupewa aliyeuzaa uhunzi huo, mtu mmoja tu, naye ndiye huitwa mhunzi maisha yake yote. Wazee wakasema kimeokoa shamba la Nakiete, basi yeye ndiye atakayekikabidhi.

Akaja nacho. Senkoro akarudi nyuma. "Mpe Bi Kiondo. Huoni viganja vyake?"

"Viganja vitapona," akasema Bi Kiondo. "Mbuzi waliochinjwa watafufuka? Mpe Senkoro. Au Mwalimu."

"Mimi nimefanya nini?" akasema Mwalimu. "Nimetungua chuma kilichokuwa kikining'inia tu."

"Bila hicho tungefulia magotini pako?" akauliza Senkoro, na watu wakacheka.

Nakiete hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nilikuja kwenu mikono mitupu, leo ghala langu limejaa mpaka mlangoni. Wanangu wamelala wameshiba. Msinirudishe nyumbani na asante yangu. Nitaiweka wapi?"

Wote watatu wakainamisha vichwa. Nakiete akasimama mbele yao, amekishika kisu, mpini ukiwaelekea.

Mimi ninachokijua kinaishia hapo. Haya, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa pale nyuma, sema: ungekuwa Nakiete, ungemkabidhi nani? Na wale wawili, ungewaambia nini?