Petali Chini ya Tulipu

Kwanza apa kwamba neno hili halitatoka kinywani mwako. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa kwa aliyenisimulia, na unaona nimekuja kukuambia.

Zamani huko Uholanzi, maua ya kwenye picha hayakuwa yakipukutika. Yalichorwa yamesimama wima kama maharusi. Katika mji mmoja alikuwapo mwanamke, Machteld, aliyekuwa akimsagia rangi shemeji yake mchoraji, na watu wakimwona wa kusaga tu. Yeye alitaka kuandika jina lake kwenye kazi yake mwenyewe, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa wazee wa chama cha wachoraji. Akakata shauri kuwaonyesha picha ya shada la maua lisilo na dosari.

Alichora kila ua kwa msimu wake, tulipu kwanza, waridi baadaye, akiwa sasa mjane, mpaka mwaka ukaisha. Tulipu yenyewe ilikuwa imeshakuwa vumbi.

Wiki ya mwisho, kila akirudi kutoka sokoni alikuta petali nyekundu imechorwa kwenye meza ya pichani, chini ya tulipu. Akaifuta kwa mafuta. Kesho yake ipo tena. Majirani walimnyooshea kidole shemeji, na ningekuwapo ningewasaidia kunyoosha. Machteld hakugombana na mtu. Aliifuta, akatundika pazia mbele ya kona iliposimama picha, akaendelea.

Siku ya hukumu wazee walikuja na kofia zao nyeusi, na mtaa mzima nyuma yao. Machteld akavuta pazia. Hapo alisimama mama mkwe wake, Bi Aaltje, brashi mkononi, vidole vyekundu, petali bado mbichi.

"Mama, umetuaibisha," shemeji akasema.

Bi Aaltje hakumjali. Alimtazama mkwewe. "Tulipu hii aliikata mwanangu, mume wako. Haikumaliza wiki, naye hakumaliza mwezi. Unataka watu waamini haikuanguka?"

Kitambaa cha mafuta kilikuwa mkononi mwa Machteld. Alikishika kitambo, kisha akakitupa. Akaichukua brashi kutoka kwenye vidole vile vyekundu, akaandika jina lake chini ya petali, herufi kwa herufi, bila kuomba ruhusa. Mzee mkuu akavua kofia.

Na tangu siku hiyo, mchoraji wa Uholanzi akimaliza shada lake huangusha petali moja mezani, atazamaye ajue kwamba naye anachanua kwa muda tu.