Waliotembea Chini ya Kiti cha Dereva

Sogeeni, na mwenye simu aigeuze kifudifudi. Hadithi hii haikuja na mwisho wake. Mwisho mtautia ninyi, na msipogombana mjue hamkuisikiliza.

Katika kijiji cha Ndorwe, juu kabisa Upareni, kule ambako barabara inachoka na kuwa mfereji, waliishi watu watatu. Kila mmoja alikuwa na kipaji, na hakuna aliyelishwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Eliamini wa kwaya. Huyu alikuwa na masikio. Watu sitini wakiimba kwa pamoja, angemnyooshea kidole yule mmoja aliyeteleza nusu sauti. Ndiyo maana kwaya yake ilibaki na watu kumi na wawili.

Wa pili ni Namsifu, msomi wa uhandisi wa mitambo. Cheti chake alikifunga kwenye nailoni kisipate ukungu. Miaka mitano, usaili kumi na moja. Mara ya mwisho walikuwa watu elfu tatu kwa nafasi nne, wakakalishwa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, wakaulizwa majina ya mito. "They wanted an engineer, wakauliza jiografia," alisema, akarudi Ndorwe kukaanga maandazi. Huyu alikuwa na akili ya kuona ndani ya kitu kabla hakijafunguliwa.

Wa tatu ni Mbonea, utingo. Miaka thelathini alining'inia nyuma ya Landrova ya Mzee Kajiru, gari pekee lililofika Ndorwe. Meno yalimtoka, kumbukumbu ikabaki yote. Angekwambia ulivaa nini siku uliyotapika kona ya nne.

Sasa, Mzee Kajiru akafa. Akapandishwa mlimani ndani ya gari lake mwenyewe, akazikwa, tanga likaanuliwa. Kesho yake gari likaanza kutembea ndani kwa ndani.

Siyo kwamba liliondoka. Lilitembea humo ndani. Likianza kushuka, nyuma kulisikika *kha… kha… kha-kha-kha*, kama watu wengi wanaokanyaga changarawe kwa adabu, wasitake kuamsha mtu. Hatua zikaja mbele, mbele, zikasimama pale pale chini ya kiti cha dereva. Gari likipanda, zikageuka, zikarudi nyuma walikotoka.

Dereva wa kwanza aliyeajiriwa na mjane alishuka katikati ya kona, akaacha mlango wazi na viatu vyake. Wa pili alifika mpaka bondeni, akapanda pikipiki kwenda kwao, hajaonekana tena. Mafundi wa mjini wakabadilisha bushi, wakabadilisha shokomzoba, wakalizungusha kwenye sakafu yao ya saruji iliyonyooka. Kimya. "Gari lenu zima," wakasema. "Wagonjwa ni ninyi."

Ndugu wa marehemu wakakaa kikao: Jumamosi lisukumwe korongoni. Na wajawazito? Watabebwa kwa machela, kama zamani.

Mjane, Bibi Nakiete, akaweka ufunguo juu ya ungo. "Atakayelinyamazisha kabla ya Jumamosi, gari ni lake. Mmoja. Sitaki kampuni."

Namsifu aliposikia, aliliacha karai likiungua. Kwake lile halikuwa gari. Ilikuwa ni kuamka asubuhi akiwa na mahali pa kwenda.

Alikuta Mwalimu Eliamini amefika kabla yake. Mbonea naye alikuwepo, amekaa kwenye bampa ya nyuma, kwa mazoea tu.

"Injini inanipigia kelele," alisema Mwalimu. "Izimeni. Tushuke bila injini."

"Mwalimu, hiyo ndiyo njia fupi ya kwenda mbinguni," alisema Mbonea.

"Wewe shika jiwe la kukingia tairi. Mwanangu Namsifu, kaa kwenye breki."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe. Mwalimu akajifunga macho kwa mtandio wa mkewe. Gari likaachiwa, likateremka kimya kama jeneza. *Kha… kha-kha.* Namsifu aliusikia mwendo ule ukija nyuma ya mgongo wake, ukapita chini ya makalio yake, ukasimama chini ya visigino vyake. Mguu wake ukakanyaga breki kabla hajaambiwa. Akaulaani ule mguu. Miaka minne ya chuo, halafu mguu unaamini mizimu.

Mwalimu akafungua mtandio. "Si chuma kwa chuma. Ni jiwe juu ya chuma. Na si moja, ni kwaya nzima. Yote yako upande huu wa kulia. Yako ndani ya nini, sijui. Mimi nasikia, sioni."

Bila sikio lile, Ndorwe ingekuwa inachinja mbuzi wa kutuliza mzimu mpaka leo.

Namsifu akakaa chini barabarani. "Yangekuwa juu ya chuma yangedondoka. Kwa hiyo yamo ndani ya chuma. Simple. Na chuma chenye uwazi kutoka nyuma mpaka mbele ni kimoja tu: chesisi."

Akalala chali, akaingia uvunguni, gari likiwa kwenye mteremko, limezuiwa na mawe mawili na Mbonea. Akagonga kwa spana, shibiri kwa shibiri. *Ti. Ti. Ti.* Penye utupu palilia. *Du.* Penye kujaa pakanyamaza. Akafuata kurudi nyuma mpaka kidole chake kikazama kwenye tundu, juu, ubavuni mwa chesisi, upana wa kutosha ndimu. Kingo zake zilikuwa laini. Si kutu iliyolila. Kidole cha mtu kilipita hapo mara nyingi.

"Nimepata. Nipeni msumeno, nikate dirisha."

Bila akili ile, mawe yangebaki kuwa mzimu.

"Usikate," alisema Mbonea.

"Chesisi naijua, mjomba. Nimesomea."

"Ukikata hapo litavunjika mgongo kona ya kwanza yenye mzigo. Na gari hili umelisomea?" Akainamisha kichwa. "Lile tambara nililitoa mimi."

"Tambara gani?"

Hapa mjue desturi ya Ndorwe. Maiti akitoka hospitali bondeni, kila daraja gari husimama, anaambiwa kwa jina lake: fulani, tunavuka, usibaki. Asipoambiwa hubaki ng'ambo, na akibaki hamtalala. Madaraja ni matano. Mzee Kajiru alisimama kwenye yote.

"Daraja la mwisho alishuka peke yake," alisema Mbonea. "Anakwenda mtoni, anarudi, anainama nyuma ya gari. Miaka yote nilidhani anakojoa. Siku moja nikamwona: ameokota jiwe, analiingiza humo, kisha anasokomeza shati lake kuukuu, mawe yasitembee. Nikamuuliza. Akasema, 'Wenyewe watasahau. Mbeba mizigo hapaswi kusahau alichobeba.' Siku ya kuanua tanga tukaambiwa nguo zake zote zichomwe. Nikaona shati limo tunduni. Nguo ni nguo. Nikavuta, nikatia motoni. Nilitii, jamani. Kosa langu ni kutii."

Akawaonyesha namna marehemu alivyoegesha: pua juu, magurudumu ya kulia mtaroni, gari limelalia ubavu wenye tundu. Mawe yakateremka, *kha-kha-kha*, yakaja mdomoni mwa tundu kama yameitwa.

Bila kumbukumbu ile, gari lingenyamazishwa kwa kuuawa.

Namsifu akarudi uvunguni na waya uliopindwa. Akalitoa la kwanza. Dogo, jeusi, la mviringo, baridi. Mbonea akasema, "Mama Zawadi, wa uzazi." La pili. "Pacha wa Mchome, wote wawili jeneza moja." La tatu. Alitaja kwa mpangilio wa kubebwa, mmoja baada ya mwingine, miaka thelathini, wala hakukosea ukoo. Kwamba mawe yalikwishachanganyika humo ndani na hakuna ajuaye lipi ni la nani, hilo hakulijali.

La kumi na tisa lilipotua kiganjani mwa Namsifu, Mbonea aliinama kuchungulia uvunguni.

"Sema tu, mjomba."

"Baba yako. Alivaa ile suti ya kijivu. Ulilala mapajani mwangu njia nzima."

There is no ghost in a chassis, chesisi haina mzimu, alitaka kusema. Sentensi aliijua, ilikuwa tayari mdomoni. Badala yake alilala pale chini ya tani mbili za chuma, akalishika lile jiwe mpaka likapata joto. Huenda lilikuwa la baba yake. Huenda lilikuwa la bibi wa mtu mwingine. Akalipitisha nje pamoja na mengine.

Yakafika arobaini na moja. Wakashuka na gari mpaka daraja la mwisho, wakapanda nalo tena. Kimya. Ukungu na matairi tu.

Uani kwa Bibi Nakiete wakamweleza habari ya mawe, wakayamimina kwenye ungo, kando ya ufunguo.

"Mimi niliyasikia," alisema Mwalimu. "Madereva nao walikuwa na masikio, wakasikia jini."

"Mimi niliyapata," alisema Namsifu. "Na mimi ndiye niliyelala uvunguni. Gari lingeteleza, leo mngekuwa mnanisimamishia madarajani."

"Mimi niliyatambua," alisema Mbonea. "Nikaliokoa na chesisi."

"Wewe ndiwe uliyeyaamsha," alisema Mwalimu.

"Ndiyo. Na wewe ulikaa kitini tu, umejifunga mtandio wa mkeo."

Bibi Nakiete hakuwasikiliza. Alikuwa anahesabu kwa midomo. "Arobaini na moja. Na Kajiru mwenyewe? Tulimpandisha na gari hili hili. Daraja la mwisho nani alishuka kumwokotea la kwake?"

Mwalimu akamtazama Namsifu. Namsifu akamtazama Mbonea. Mbonea akatazama miguu yake. "Tulikuwa tunalia," alisema. "Hakushuka mtu."

Namsifu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea ufunguo. Vidole vilikuwa shibiri moja kutoka kwenye ungo. Gari lilisimama uani penye tambarare, breki imevutwa, injini imepoa, hakuna mtu ndani.

*Kha.*

Moja tu. Nyuma kabisa. Halafu, taratibu, kama mzee anayejua njia, likaja mbele, likasimama chini ya kiti cha dereva.

Mkono wa Namsifu ulibaki hewani. Haukwenda mbele, haukurudi.

Basi, mliokaa. Kesho ni Jumamosi, ndugu wa marehemu wanakuja na kamba, na mwanamke mmoja kule juu amekwisha kushikwa na uchungu. Ufunguo uko kwenye ungo. Yuko aliyesikia, yuko aliyepata, yuko aliyekumbuka. Msiniambie wagawane, gari lina usukani mmoja, na pale chini ya kiti kuna anayengoja dereva. Ungekuwa wewe ndiye Bibi Nakiete, ufunguo ungeutia mkononi mwa nani?