Mbwa Watatu wa Arnaq

Anayependa mbwa akae karibu na mlango, apate pa kutokea. Wengine sogeeni. Hadithi hii haina huruma, na mimi sitaitia sukari.

Mbali kaskazini iko nchi ambayo bahari yake huganda kwa baridi, watu wakaivuka kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linalokokotwa na mbwa. Huko aliishi mjane aitwaye Arnaq na mwanawe Miki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Njaa ya mwaka ule iliwamaliza mbwa wake, wakabaki watatu. Majina yao ya kwao yatanivunja ulimi, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao.

Wa mbele alikuwa Kiranja. Hakuwa na nguvu nyingi, ila aliijua barafu kwa nyayo zake: hii itatubeba, hii itatumeza. Nyuma yake alifungwa Kona, jike mwembamba, mkorofi, ambaye kazi yake ilikuwa kuipindisha sleji pale kiongozi anapogeuka. Wa mwisho, aliyekaribiana na sleji yenyewe, alikuwa Kigingi. Huyo alikuwa mlafi na mzito wa kuelewa, lakini mzigo wote uliegemea kifua chake.

Miki akaugua homa, pumzi ikawa ya kuhesabu. Mganga wa kutegemewa, mzee Kunuk, aliishi ng'ambo ya ghuba. Arnaq alimviringisha mtoto katika ngozi, akamlaza kwenye sleji, akawaamsha mbwa wale na njaa yao, akaondoka.

Katikati ya ghuba Kiranja alisimama, akakataa kwenda. Arnaq aliiona barafu mbele yake nyeupe, imara, na ng'ambo moshi wa nyumba ya mganga. Akampiga mjeledi. Akampiga tena, na ncha ikampasua jicho. Kiranja alilia, lakini hakwenda alikoamriwa. Aligeuka kushoto huku damu ikimchuruzika. Hapo hapo ile barafu nyeupe ikapasuka. Angetii, wote wangezama.

Kiranja alipogeuka, sleji haikugeuka naye. Iliteleza moja kwa moja kuelekea ufa. Kona akajirusha upande, akaivuta kwa nguvu zake zote mpaka bega likateguka, na Arnaq akalisikia likiteguka. Hakuacha. Alivuta na bega lile lile bovu, sleji ikapinda. Asingejirusha, wote wangezama.

Lakini sehemu ya nyuma ya sleji ilikuwa imekwisha kuingia majini, na Miki akaanza kuporomoka. Kigingi akakita kucha kwenye barafu. Kucha ziling'oka, mkanda ukamchana kifua, naye hakurudi nyuma hata kidogo, mpaka wenzake walipopata pa kukanyaga wakaitoa sleji majini. Asingekita, wote wangezama. Hata hili bichwa lake zito lilielewa.

Wakafika. Mganga alimpapasa mtoto, akasema mauti yamemfuata kutoka ghubani na hayarudi mikono mitupu. Uhai wa Miki sasa ni wa mbwa aliyemwokoa. Mbwa huyo ndiye atakayetolewa badala yake, achinjwe na Arnaq mwenyewe, kabla moto wa jikoni haujazimika. Akichinjwa asiye yeye, mtoto atakufa, na mbwa atakuwa amekufa bure.

Arnaq akajitia ujanja. Alisema atamchinja Kona, maana bega lile halitavuta tena. Mganga akamwuliza kama Kona ndiye aliyemwokoa mtoto, au ndiye asiye na faida tena. Arnaq aliona aibu. Kisha akasema, "Nichukue mimi, mzee. Mimi ndiye mama yake."

"Wewe hukuvuta," mzee Kunuk alijibu. "Wewe ulipanda."

Arnaq alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote, na kilichomzidishia chuki ni kwamba amesema kweli. Alimtazama mtoto: midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Kwetu tunasema asante ya punda ni mateke. Huko punda hakuna, kazi hiyo wameachiwa watu.

Akachukua kisu, akatoka nje. Kilikuwa kisu kile kile alichowakatia mbwa wake nyama kila jioni, siku zile nyama ilipokuwapo. Walipokiona mkononi mwake, wote watatu wakatikisa mikia. Kiranja aliinua uso, akamtazama kwa jicho lililobaki. Kona alisimama kwa miguu mitatu. Kigingi alishindwa kusimama, akajiburuta kwa tumbo, na kwa ulafi wake akawa wa kwanza kufika miguuni pa bibi yake, akafungua mdomo.

Ndani, Miki alikohoa. Ukuni wa mwisho uliporomoka kwenye majivu.

Haya, naona wengine mmeinamisha vichwa. Msiniambie maskini mbwa, hilo nalijua, na siulizi nani wa kuhurumiwa. Nauliza nani alimwokoa mtoto. Arnaq amesimama pale nje, kisu mkononi, na atakayemwita atamjia, hata kwa kujiburuta, akidhani ameitiwa chakula. Ungekuwa wewe, ungemwita nani?