Kurasa za Nungunungu

Jamani, mko macho?

— Tu macho!

Niingie na ngano?

— Ingia nayo, tumekuachia nafasi!

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na simu na tovuti, aliishi Nungunungu, mganga wa sumu ya nyoka. Aliyefika kwake mapema alipona. Lakini wengi hawakumjua. Walifia huko huko mbali, na kila habari ya kifo ilipomfikia, Nungunungu alikosa usingizi.

Akatengeneza tovuti. Ukurasa mmoja tu: “Umeumwa na nyoka? Usikate jeraha. Tuliza mguu. Njoo pangoni, Mto Mkavu, upesi.” Chini yake, namba ya simu.

Akaomba tangazo lake lipite kwenye simu zote za porini. Mkaguzi wa matangazo alikuwa Mbuni, shingo ndefu, miwani mikubwa.

“Kurasa ngapi, bibie?”

“Mmoja, mzee.”

“Mmoja? Hiyo tovuti au kibanda? Matapeli ndio wenye mmoja!”

“Usome kwanza, mzee wangu.”

“Nisome nini? Umeisha kabla sijaanza! Nenda!”

Nungunungu akaenda, akaongeza, akarudi.

“Kurasa ngapi?”

“Tano, mzee.”

“Bado siamini. Nenda!”

Akaenda akilia. Jirani yake Kicheche, muuza hirizi za kuzuia njaa, akamcheka. “Shoga, we mshamba kweli! Mbuni hasomi, anahesabu. Mimi ninazo sitini, na ndani hamna kitu. Jaza!”

Nungunungu akajaza. Historia Yetu. Maono Yetu. Ujumbe wa Mkurugenzi. Picha za miiba yake, kulia na kushoto. Ule ukurasa wake wa kwanza ukasukumwa, ukasukumwa, ukazama.

Akarudi mara ya tatu. Mbuni akahesabu, akachoka kuhesabu, akatabasamu. “Sasa hii ndiyo kazi ya mtu wa kuaminika! Pita, mama.”

Tangazo likapita porini. Nungunungu akatwanga dawa, akakaa mlangoni, simu mkononi. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Jioni simu ikalia.

“Dada, ndiwe mganga wa nyoka?” Ilikuwa sauti ya Paa.

“Ndimi. Nani kaumwa?”

“Mwanangu. Tangu asubuhi nakutafuta humu. Nikifungua, historia yako. Nikifungua, maono yako. Nikifungua, miiba yako, kulia na kushoto. Mtoto anasema, mama, naona baridi. Nami nafungua.”

“Mlete, mama! Mlete mbio!”

“Hakuna tena wa kuletwa, dada. Nilitaka kukuuliza tu. Mbona ulijificha?”

Nungunungu akaifungua tovuti yake. Akafuta kurasa zote, akabakiza ule mmoja.

Kesho yake Mbuni akaliondoa tangazo. “Ukurasa mmoja,” akasema. “Haaminiki.”

Na porini wakaendelea kufa.

Funzo ni hili, jamani: tukipima ukweli kwa wingi wa maneno, tutawafundisha wakweli kujificha ndani ya maneno, na wanaowahitaji hawatawaona.

Ngano yangu naitua hapa.

— Itue taratibu, ni nzito.