Hoteli Aliyoitaka Nyamizi

Aitikiaye kila neno hajasikia hata moja. Methali hiyo mmeisikia kwa mama yenu, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Imetoka kwa shemeji yangu Kapalata, na ilianzia hotelini.

Dada yangu Nyamizi, kabla hajaolewa, alifanya kazi Dar es Salaam kwenye hoteli kubwa iitwayo Johari. Miaka kumi na mmoja alitandika vitanda vya watu, na mfanyakazi akionekana amekalia kitanda alifukuzwa siku hiyohiyo. Akaolewa huku Tabora, akazeeka, magoti yakaanza kumsumbua. Mahafali ya mjukuu wake yalipokaribia huko Dar, alimwambia mumewe kwamba safari hiyo huenda ikawa ya mwisho kwake, na anataka kulala Johari, japo siku moja, kwenye vitanda alivyokuwa akiwatandikia wengine. Kapalata akajibu ndiyo. Akamwambia tena wakila, akamwambia tena wakifunga mizigo. Ndiyo, ndiyo.

Sasa huyo Kapalata alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini, na kazi ile ilimharibu. Hata salamu yako aliigeuza nyuma na mbele kama tiketi. Akasema hoteli za mjini zimejaa matapeli, atatangulia siku mbili akachague mwenyewe, mimi na dada tutamfuata.

Akaanza na Johari, si kwa ajili ya dada, bali kwa kuwa ilikuwa karibu na chuo cha mjukuu. Akainua godoro, akanusa taulo, akafungua mabomba yote, akagonga ukuta kusikia kama ni mbao. Hakuona kosa, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Akamgeukia kijana wa mapokezi. Maji ya moto yapo? Ndiyo, mzee. Mashuka hubadilishwa kila siku? Ndiyo, mzee. Lifti inafanya kazi? Ndiyo, mzee. Hapo Kapalata akamtega: mke wangu hapati usingizi bila jogoo kuwika, je, jogoo mnaye? Kijana, macho kwenye kompyuta, akajibu, "Ndiyo, mzee, yupo."

Kapalata akachukua kofia yake. Pale mlangoni ndipo alipoitoa methali yenyewe, kwa sauti, watu wasikie: "Aitikiaye kila neno hajasikia hata moja." Akavuka barabara, akaingia hoteli nyingine ya kifahari vilevile, ambako binti wa mapokezi alimjibu hapana mara tatu. Huyo akamwamini. Akachukua chumba.

Tulipofika, tulimkuta anatungoja mlangoni, kifua mbele. Dada akashuka kwenye teksi taratibu, akatazama jengo, akageuka akatazama la ng'ambo.

"Baba Kashindye, hapa sipo," akamwambia mumewe.

Kapalata akatueleza habari yote ya jogoo, na methali yake juu. Dada akamwacha amalize.

"Mimi nilikuomba nini nyumbani?"

Kapalata akafikiri. Akanitazama mimi, akatazama mizigo. Wallahi nilikuwepo, hakujua.

"Lakini ulinijibu," dada akasema.

"Nilikujibu ndiyo," akasema polepole.

Ikabidi nimwambie mimi. Nilikuwa na hasira, nikamwambia mbele ya dereva. Kapalata akabeba begi la mkewe, akavuka barabara. Johari ilikuwa imejaa wazazi wa wahitimu, chumba hakuna kwa wiki nzima. Mtu yule asiyejua kubembeleza alibembeleza, kisha akarudi na begi lilelile mkononi.

Dada hakugombana naye. Siku tatu tulizokuwa pale alikaa dirishani akinionyesha vyumba vya Johari alivyokuwa akivifanyia usafi. Mwaka uliofuata magoti yalikataa kabisa, na alifariki hajalala pale. Mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kapalata naye alibadilika. Ukimwambia jambo, alilirudia lote kwanza, ndipo aitikie. Na watu walipomwomba aeleze maana ya methali yake, hakumtaja tena yule kijana wa mapokezi. Alisema, "Ni mimi huyo." Kisha akaitamka: Aitikiaye kila neno hajasikia hata moja.